Mikorosho ya Marehemu: Mpwa, Mjane na Mashamba Matatu ya Newala

Salfa, dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, haisubiri arobaini. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, mikorosho hutoa majani machanga na maua kuanzia Mei na Juni, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hushuka na maua hayohayo. Ukichelewa kupuliza, ua linakauka kabla halijafunga tunda, na msimu wa Oktoba umekwisha ungali Julai. Ndiyo maana mwenye mikorosho akifariki mwezi wa nne, mirathi haibishi hodi kwa jina la sheria. Inakuja na katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, aliyeshika daftari, akiuliza swali la kawaida kabisa: mifuko hii ya salfa tuandike kwa jina la nani?

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimetungwa kutokana na aina ya migogoro inayozuka katika vijiji vya Newala na Tandahimba, hivyo hakina jina la mtu wala la kijiji. Wahusika wanatajwa kwa nafasi zao tu, na kwa watu wa ukoo wa mama hilo si upungufu. Nafasi ya mtu ndiyo hoja yenyewe.

Alichoacha marehemu

Marehemu alikuwa na miaka 63, Mmakonde, Mwislamu wa kuswali na kufunga. Aliacha mjane, watoto watano (wa kiume wawili, wa kike watatu), dada yake wa tumbo moja, na mtoto wa kiume wa dada huyo, ambaye ndiye mpwa wa kisa hiki. Mpwa ana miaka 41 na ana duka la vipuri vya pikipiki Mtwara mjini. Wosia hakuna.

Mashamba ni matatu, na kila moja lilifika mikononi mwa marehemu kwa njia yake. Hapa ndipo pa kukaa na kuuliza taratibu kabla ya kukimbilia swali la nani mrithi.

La kwanza liko mahameni, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini. Watu wa kusini wanajua uzito wa neno mahame, makazi ya zamani yaliyoachwa: wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishwa, mikorosho haikuhama. Nchi ilivuna kama tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbaya na ubwiriunga vilichangia, lakini umbali kati ya mtu na miti yake nao ulikuwa na sehemu. Shamba hili ni ekari 3, lina mikorosho mikongwe 50 iliyopandwa bila mistari, na marehemu alilipata kwa mjomba wake, naye kwa mjomba wake.

La pili ni ekari 4 za pori ambalo halmashauri ya kijiji iliwagawia marehemu na mkewe mwaka 1996. Walifyeka wawili, wakachimba mashimo wawili, wakapanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Nafasi hiyo inatoa miti 28 kwa ekari, kwa hiyo miti ni 112. Kwenye daftari la kijiji limeandikwa jina la mume peke yake.

La tatu kusema kweli si shamba lake. Kaka wa mjane, yaani shemeji wa marehemu, alimwazima kipande cha kulima muhogo na mbaazi. Miaka minane iliyopita marehemu alichomeka humo mikorosho 14. Kila mzee wa huko anajua kwamba aliyeazimwa ardhi hapandi mti wa kudumu. Muhogo unang'olewa na mwenye ardhi anarudishiwa ardhi yake, ila mkorosho unakaa miaka arobaini na zaidi, na baada ya miaka kumi tu watu wanaanza kusema "shamba la fulani" wakimtaja aliyepanda. Shemeji alinyamaza wakati ule kwa sababu mume wa dada yako humfokei kwa ajili ya miche 14.

Arobaini

Baada ya hitma, mpwa alidai mashamba yote matatu. Hoja yake ilikuwa fupi: mali ya mjomba ni ya mpwa, na hata mjomba mwenyewe alirithi hivyo. Shemeji wa marehemu akajibu, "Tumemzika Kiislamu, basi na tugawe Kiislamu." Binti mkubwa, ambaye tayari alikuwa amekwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata, akasema mama yake ana haki yake kwa sheria ya nchi hata kabla ya mirathi kuguswa.

Kwa hiyo ukumbi mmoja ulikuwa na sheria tatu, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu, ikiwa marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Kuamua ipi itumike, mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia aliyoionyesha. Kipimo hicho ni kizuri kwa mtu aliyeishi upande mmoja. Mzee wa Newala ameishi pande zote: amefunga ndoa kwa sheikh, amefunga Ramadhani, amezikwa kwa sanda, na papo hapo amelima shamba la mjomba wake na kugharamia jando la wapwa zake.

Matokeo yanatofautiana sana. Kwa sharia, mjane mwenye watoto anapata moja ya nane, kinachobaki kinakwenda kwa watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja. Dada wa marehemu anazuiwa na kuwepo kwa watoto wa kiume, na mtoto wa dada hana fungu. Kwa mila ya ukoo wa mama ikisemwa bila kulegezwa, hali inageuka: watoto wa marehemu ni wa ukoo wa mama yao, mjane ni wa ukoo wa kaka zake, na mali inarudi kwa watoto wa dada. Wala mtu asidhani mila hii imeandikwa mahali akaifungue. Amri ya mwaka 1963 iliyokusanya sheria za kimila za urithi ililenga koo zinazofuata upande wa baba. Mila ya upande wa mama inathibitishwa mahakamani kwa ushahidi wa mdomo wa wazee, na wazee hawasemi kitu kimoja.

Nini hakimo kwenye mirathi

Kosa la karibu wote waliokuwa pale arobaini lilikuwa kuanza na swali la mrithi. Swali la kwanza ni mali: katika vitu hivi, kipi kilikuwa cha marehemu?

Tuanze na shamba la ekari 4. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinasema kwamba ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, lakini mwenzake amechangia kwa jasho lake katika kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, mwenzi huyo anahesabiwa kuwa amepata haki humo. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka na hili ni la kifo, lakini mzizi ni mmoja. Mjane wetu hakupika tu. Alipalilia, alikusanya, alibangua. Tukichukua nusu, ekari 2 zenye miti 56 ni zake na haziingii kwenye mirathi hata kidogo. Inayogawiwa ni miti 56 iliyobaki.

Hesabu kwa sharia inakuja hivi. Moja ya nane ya miti 56 ni 7, hiyo ya mjane. Zinabaki 49. Watoto wa kiume wawili wanahesabiwa sehemu nne, wa kike watatu sehemu tatu, jumla sehemu saba, kila sehemu miti 7. Kila mwana miti 14, kila binti 7. Mjane anaishia na miti 63. Kama kikao kingegawa shamba zima bila kutoa nusu yake kwanza, angepata moja ya nane ya 112, yaani miti 14. Kwa makadirio ya kilo 8 kwa mti, hiyo ndiyo tofauti ya kilo 504 na kilo 112 kwa msimu. Mjane wa kilo 112 atarudi kwa kaka zake kabla mwaka haujaisha. (Mikorosho si shilingi, bila shaka. Kuna mti wa kilo 20 na kuna mti wa jina tu, kwa hiyo mgawanyo wa kweli hufanywa kwa kutembea shambani wakati miti ina mazao, mti kwa mti, kila upande ukiwa na shahidi wake.)

Sasa twende mahameni. Mpwa alisema shamba lile ni la ukoo, na alikuwa na haki kusema hivyo. Marehemu hakulinunua wala hakulifyeka. Alikabidhiwa, alilitunza, alitakiwa kulikabidhi. Hata msimamizi wa mirathi anayefuata sharia neno kwa neno hawezi kugawa kitu ambacho marehemu alikishika kwa niaba ya wengine. Shamba hilo nalo liko nje ya mirathi.

Hapo utaona jambo ambalo mpwa hakuliona. Nusu ya mjane iko nje ya mirathi kwa sababu ileile inayoliweka nje shamba la mahame: mtu hamiliki peke yake kile ambacho wengine wamekitia mkono. Wahenga walisema mtu ni watu, na kwa kawaida msemo huo hutumika kuombea michango ya harusi. Kisheria una makali zaidi. Kama mtu ni watu, basi na mali yake ina watu ndani yake, na jina lililo kwenye daftari ni la mmoja wao tu. Mpwa hakuweza kuushika msemo huo mahameni na kuutupa shambani kwa mkaza mjomba wake.

Kuna tahadhari moja kuhusu mahame. Kabla ya kudai ardhi ya ukoo huko, uliza kama wakati wa operesheni iligawiwa mtu mwingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kinathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Ukoo ambao ardhi yake ilipewa mgeni mwaka 1974 una kumbukumbu, hauna shamba. Hapa wazee walithibitisha kwamba hakugawiwa mtu.

Mila alizoacha nyuma mpwa

Katika ukoo wa mama, mjomba ana mzigo. Anawalea wapwa, anawapeleka jando na unyago, anajibu mashtaka yao, analipa faini zao, na anayemrithi anarithi mzigo huo pamoja na madeni. Mkulungwa, yaani mkuu wa ukoo, wa zamani aliyegawa ardhi hakuweza kuiuza, kwa sababu haikuwa yake kwa maana ya kuuza. Alikuwa mlinzi wa watu waliokwishazikwa pale na watakaozaliwa baadaye.

Mpwa wa duka la vipuri alitaka kitu kingine. Ilijulikana baadaye kikaoni kwamba alikwisha zungumza na mtu wa mjini juu ya kuiweka mikorosho rehani kwa misimu mitatu ili aongeze mtaji. Kwa maneno mengine, alikuja na mila mdomoni na umiliki wa kisasa mfukoni: achukue kama mpwa, auze kama mwenye hati. Hicho ndicho kiini cha kisa hiki, na kinaelezea migogoro mingi ambayo watu huiita vita ya mila na sheria. Mara nyingi havipigani. Mtu amechukua haki kutoka kwenye mila na uhuru kutoka kwenye sheria, akaacha wajibu wa pande zote mbili njiani.

Kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema mila haitakuwa na nguvu pale inapowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Kuna wanaokisoma kana kwamba kimeuzika ukoo wa mama. Si kweli. Mila inayopitisha ardhi kwa tumbo la mama inampa dada wa marehemu na binti zake nafasi ambayo koo nyingi za upande wa baba haziwapi. Kinachobatilishwa ni matumizi ya mpwa: kuichukua mila hiyo ili kumtoa mjane kwenye ekari alizozifyeka.

Na tusiipambe mila kupita kiasi. Zamani mjane alirudi kwa kaka zake na jembe lake na mbegu zake, akapewa ardhi, akalima, na mwaka uliofuata alikuwa amevuna mtama wake. Hakupoteza kitu kikubwa. Mkorosho uliharibu hesabu hiyo. Mjane wa leo ameweka zaidi ya miaka 25 ya nguvu zake kwenye miti isiyobebeka, na kumwambia arudi nyumbani ni kumwambia aiache akiba yake yote imesimama shambani kwa mtu. Mila haikuwa na ubaya huo ilipoanza. Umeletwa na mti. Ndiyo maana akina baba wengi wa kusini, bila kungoja bunge wala sheikh, wamekuwa wakiwagawia watoto wao mikorosho wangali hai, mbele ya mashahidi. Marehemu wetu hakufanya hivyo. Alisema atafanya baada ya msimu.

Kurithiwa kwa mjane kulitajwa pia pale arobaini, nusu kwa utani. Lijibiwe kwa mstari mmoja: kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, mila iseme nini.

Njia mbaya, na gharama yake

Baada ya kikao kuvunjika, mpwa alikwenda Baraza la Kata. Watu wengi bado wanaamini baraza hilo linahukumu kesi za ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 halihukumu, linasuluhisha. Lina siku 30. Likishindwa linatoa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Mpwa alikaa nje ya ofisi ya kata siku 30, akapata cheti, akafungua shauri wilayani kwa jina lake mwenyewe.

Shauri liliondolewa kabla ya kusikilizwa, na lilistahili kuondolewa. Mali ya marehemu haidaiwi na mrithi, wala na anayejiona mrithi. Inadaiwa au kutetewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kwa lile shamba la ukoo, alipaswa kuonyesha ni nani amemtuma kusimama kwa niaba ya ukoo. Hakuwa na karatasi hata moja. Kosa hili ni la kila siku, na linagharimu nauli, ada na miezi. Muda wa kudai ardhi kwa kawaida ni miaka 12, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Aliyekuwa na haraka ni ubwiriunga.

Upande wa mjane nao ulikosea. Kijana wa pili alikuwa anajua namba ya siri ya kadi ya benki ya baba yake, akatoa fedha za mauzo ya msimu uliopita, akanunua bati. Kadi ya marehemu si urithi. Fedha iliyotolewa baada ya kifo na kabla ya msimamizi kuteuliwa itadaiwa ielezwe, na anayeidai mara nyingi ni ndugu mwenye hasira. Tena mwenyekiti wa kijiji aliandika barua ya "kumtambua mjane kuwa mmiliki wa mashamba yote". Nia ilikuwa njema, nguvu haikuwepo. Barua ya mwenyekiti inaweza kuthibitisha kwamba fulani ni mkazi na fulani amefariki. Haiwezi kuhamisha mkorosho mmoja.

Wakati huo daftari la AMCOS lilikuwa bado na jina la marehemu. Miti 112 inahitaji kama gramu 250 za salfa ya unga kwa mti kwa mzunguko mmoja, yaani kilo 28. Mizunguko ni hadi mitano, kila baada ya siku 14, jumla kilo 140, zinazohitaji mifuko sita ya kilo 25. Inapulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani. Mzunguko wa kwanza ulipita bila kupulizwa kwa sababu hakuna aliyekubali mwingine asaini. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani zikauzwe kwa mnada, na ambao ulianza kutumika kwa korosho mwaka 2007, fedha ya mnada inakwenda kwenye akaunti ya jina lililopeleka mzigo ghalani. Kwa hiyo daftari hilo, ambalo halitajwi kwenye kifungu chochote cha mirathi, ndilo lililoamua nani alishika pesa na nani alibembeleza. Jina la marehemu likibaki, fedha inaingia kwenye akaunti isiyoguswa kihalali hadi msimamizi ateuliwe. Familia isiyo na fedha mwezi wa kumi inauza kwa kangomba, kwa bakuli, chini ya bei ya mnada na kinyume cha sheria.

Kikao cha pili

Kilichoivusha familia ni kikao kilichoitishwa na dada wa marehemu baada ya shauri kuondolewa. Mwanamke huyu ndiye mwenye neno zito kuliko wote katika ukoo wa mama: wapwa wanarithi kupitia tumbo lake. Alikuja na mzee wa ukoo, akamwita wifi yake, shemeji yake, mtendaji wa kijiji kama mwandishi, na msaidizi wa kisheria. Huduma ya wasaidizi hawa ni bure na inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Alianza na mwanawe. "Mjomba wako alipolazwa Ndanda, ulilala hospitali siku ngapi?" Mpwa akasema alituma pesa. "Nimekuuliza siku." Kisha akauliza nani alipalilia mahameni miaka mitano iliyopita, nani alichangia sanda, deni la mjomba kwa mpulizaji lilikuwa shilingi ngapi na nani amelilipa. Mahakama ingeyaona maswali hayo hayana uhusiano na umiliki. Kwa mila ndiyo umiliki wenyewe. Mzee wa ukoo alikuwa na maneno machache: mpwa ana haki ya kushika mahame, hana haki ya kuyauza, na mjomba wa mtu hajawahi kurithiwa jasho la mkewe.

Waliyoandika yalikuwa na sehemu nne. Shamba la mahame ni la ukoo, mpwa ni mwangalizi, halitauzwa wala kuwekwa rehani bila saini ya mama yake na ya dada zake wawili. Watoto wa marehemu wataokota mavuno ya miti 10 ambayo baba yao aliipogolea na kuifufua, kwa misimu mitano. Shamba la ekari 4: nusu ya mjane, nusu kwa mafungu yaliyokokotolewa hapo juu. Fedha aliyotoa kijana wa pili ihesabiwe kwenye fungu lake. Na hadi msimamizi ateuliwe, mjane ataandikwa AMCOS kwa maneno "kwa niaba ya mirathi ya marehemu", atunze risiti za salfa na stakabadhi za ghala, na binti mkubwa ashike nakala.

Muhtasari ulibeba mipaka kwa alama zinazoonekana: kichuguu kikubwa kaskazini, mstari wa minyaa mashariki, njia ya kwenda kisimani kusini. Kila mtu alisaini au alitia dole gumba kwenye kila ukurasa, si ule wa mwisho pekee. Familia ikakata cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ikafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa fomu ya maombi na muhtasari huo. Kisheria muhtasari wa ukoo si sharti la kuteuliwa msimamizi, lakini unapunguza pingamizi. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, binti mkubwa akateuliwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa na miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Wasimamizi wengi wanaishia kwenye barua ya uteuzi wakidhani safari imekwisha. Hapo ndipo ndugu anaporudi baada ya miaka sita akisema mirathi haikufungwa, na anakuwa na haki.

Sehemu dhaifu ya makubaliano ni mahame. Neno "mwangalizi" lina uzito kikaoni na halina uzito kwa mnunuzi wa mjini asiyewahi kumjua yule mama. Dawa ipo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu haki miliki ya kimila kutolewa kwa familia au kikundi cha watu. Ukoo unaweza kuomba hati yenye majina ya mama, mpwa na dada zake wote, na halmashauri ya kijiji inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90 tangu kupokea maombi. Lazima kwanza kijiji kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya kutunzia hati. Mpwa alisema maombi yasubiri mnada. Mama yake alisema yaandikwe kabla, akamtaja binti yake mdogo kuwa ndiye atakayeyafuatilia.

Ilibaki ile mikorosho 14 kwenye ardhi ya kuazimwa. Wengi walidhani ni jambo dogo. Mwana mkubwa wa marehemu alikuwa amesikiliza vikao vyote viwili kwa makini, akauliza kwa adabu: kama ukoo ni wa mama, yeye na mdogo wake ni wa ukoo wa nani? Ni wa ukoo wa mama yao. Na ardhi ile ni ya nani? Ya kaka wa mama yao. Basi wao kwa mjomba wao ni kama yule mpwa kwa baba yao.

Mjomba, ambaye arobaini alikuwa wa kwanza kusema tugawe Kiislamu, ana watoto wa kiume watatu wa kwake. Alikohoa, akaomba makubaliano yaseme bayana kwamba kipande kile ni cha kuazima, kwamba wapwa wavune misimu miwili kisha miti ibaki kwa mwenye ardhi, na kwamba hata mti ukifa pengo lisizibwe. Mtendaji akaandika. Vijana wakasaini kila ukurasa, na mkubwa akaomba apewe nakala yake.